Matope Kwenye Hori la Kondoo: Yanatoka Wapi, na Yanaondokaje

Litazame hori la hei, yaani majani makavu ya kulishia mifugo, lililosimama malishoni kwa wiki tatu za mvua. Ukiwa mita kumi kutoka hapo ardhi bado ina majani, na ndara zinakutosha. Ukifika mita tatu, majani yamekwisha. Mita moja na nusu kutoka kwenye nondo za hori kuna shimo refu lililochimbwa na kwato, limejaa uji mweusi unaowafika kondoo kwenye vifundo, na juu yake yanaelea mabua waliyoyaangusha wenyewe. Mvua imenyesha shamba zima sawasawa. Tope limekaa mahali pamoja tu.

Kwa hiyo kuilaumu mvua ni kuanza vibaya. Tope la namna hii hutokea pale vitu vitatu vinapokutana: maji, kwato, na taka laini, yaani hei iliyomwagika ikichanganyika na samadi. Wafugaji wengi huanza na kokoto. Humwaga lori zima juu ya uji, na mwezi haupiti kokoto zote zimemezwa. Utaratibu unaolipa ni kuyaelekeza maji kwingine kwanza, kisha kupunguza taka na msongamano wa kwato, na kokoto zije mwisho kabisa, kama bado zinahitajika.

Udongo unavyogeuka uji

Udongo mzima una vitundu vingi vya kupitishia maji na hewa, na mizizi ya majani huushika usimomonyoke. Kondoo wa kilo 60 si mzito ukimlinganisha na ng'ombe, lakini kilo hizo zote zinasimama juu ya kwato ndogo, na anapotembea au kusukumana na wenzake kuna wakati zinabaki mbili tu chini. Udongo ukiwa umelowa, kila hatua hufanya kazi mbili: juu inakoroga, chini inashindilia. Baada ya siku chache vitundu vimeziba na majani yamekufa.

Piga sepetu kando ya hori uone. Juu utakuta sentimita 10 au 15 za uji. Chini yake kuna tabaka lililobana, linalong'aa pale sepetu ilipokata. Mara nyingi chini ya tabaka hilo udongo ni mkavu tu. Maji hayajashuka, yamekaa kwenye bakuli ambalo kondoo wenyewe wamelifinyanga.

Halafu kuna hei. Kondoo wa kilo 60 asiye na mimba kubwa wala mwana wa kunyonyesha hula karibu kilo 1.4 hadi 1.7 za hei kwa siku. Tuseme kundi lina kondoo 40 na kila siku unaweka kilo 68. Robo ya hei hiyo ikianguka, na kwa hei inayomwagwa chini robo si ajabu hata kidogo, ni kilo 17 kila siku. Kwa siku 100 ni kilo 1,700, na mabua makavu hunyonya maji zaidi ya mara mbili ya uzito wake. Ongeza kinyesi na mkojo, ambavyo kwa kondoo hufika kama asilimia 4 ya uzito wa mwili kwa siku: karibu kilo 96 kwa kundi hilo hilo, sehemu kubwa ikiwa ni maji, na nyingi yake huangukia pale pale wanaposimama kula. Hilo ndilo sponji linalofanya tope lisikauke hata jua likiwaka siku tatu mfululizo. Anayetandaza hei mbovu juu ya tope ili kondoo wapate pakavu pa kukanyaga, hupata siku mbili za pakavu na kisha wiki kadhaa za uji mzito kuliko ule wa mwanzo.

Hasara huanzia kati ya kucha

Ngozi iliyo kati ya kucha mbili za ukwato ikishinda majini hulainika na kukunjamana kama vidole vya aliyefua nguo asubuhi nzima. Ngozi hiyo ikichubuka, bakteria aitwaye Fusobacterium necrophorum, ambaye huishi kwenye kinyesi, hupata mlango. Peke yake huleta wekundu na uvimbe, na kondoo huchechemea. Akiungana na Dichelobacter nodosus, ukwato wenyewe huanza kubanduka kutoka ndani na kutoa harufu ambayo ukiinusa mara moja huisahau. Huo ndio ugonjwa wa kuoza kwato.

Hapa kuna jambo linalochanganya watu. Tope haliumbi ugonjwa huo, linausambaza. Dichelobacter nodosus hukaa kwenye mguu wa mgonjwa kwa miezi, lakini akianguka ardhini kwa kawaida hafikishi wiki mbili. Kundi lisilo na mgonjwa hata mmoja linaweza kushinda matopeni likapata michubuko na uvimbe bila kwato kuoza. Muingize mmoja tu mwenye maambukizi, katika unyevu na joto linalozidi nyuzi 10 za Selsiasi, na pale horini ndipo kila mguu utakapokanyaga alipokanyaga mwingine. Kwa hiyo kondoo mgeni akae peke yake, akaguliwe kwato zote nne kabla hajala na wenzake. Na eneo lililopumzika bila kondoo kwa siku 14 unaweza kulitumia tena bila wasiwasi mkubwa wa ugonjwa huo.

Josho la miguu la zinki salfeti ya asilimia 10, yaani kilo 10 kwa lita 100 za maji, husaidia. Beseni la urefu wa mita 2, upana wa sentimita 60 na kina cha sentimita 7 linachukua lita 84, hivyo kilo 8.5 za zinki salfeti zinatosha. Lakini dawa hufanya kazi kondoo akitoka na kusimama pakavu walau saa moja, ikauke kwenye ukwato. Ukiwatoa joshoni ukawarudisha horini kwenye uji, umewaosha tu. Mrututu, yaani shaba salfeti, ni wa kukaa nao mbali: kondoo huathiriwa na shaba kirahisi kuliko mifugo mingi, na wengine hunywa maji ya josho.

Miguu si hasara pekee. Kondoo jike anayelala kwenye samadi mbichi hupata maambukizi ya kiwele, wanakondoo huokota vijidudu vya kuharisha mahali pa unyevu, na manyoya yaliyolowa hayahifadhi joto. Ila ukitaka kujua hali ya eneo lako la kulishia, anza kwa kuhesabu wanaochechemea.

Maji yasiyo na kazi pale yaondoke

Milimita 1 ya mvua kwenye mita 1 ya mraba ni lita 1. Weka kanuni hiyo kichwani kisha zunguka eneo lote wakati mvua inanyesha, kwa sababu ukizunguka jua likiwaka utakisia tu. Banda lenye paa la mita 10 kwa 6 likinyeshewa milimita 25 hutiririsha lita 1,500. Kama paa halina gata, lita hizo zote zinashukia mstari mmoja, na mara nyingi mstari huo unaelekea kwenye hori lililowekwa karibu na banda ili mlishaji asitembee mbali. Gata na bomba la kuyapeleka maji mita 15 au 20 kando huondoa tope lingi kuliko lori la kokoto, na bei yake hailingani.

Paa dogo la hori lenyewe nalo husahaulika. Paa la mita 3 kwa 1.5, kwa mvua ya milimita 20, linamwaga lita 90, na zinadondokea pale pale inaposimama miguu ya mbele ya kondoo. Ama lipitilize nondo kwa sentimita 60 hivi kila upande, ama liinamie upande mmoja na upande huo uwe na gata.

Maji yanayotoka juu ya mteremko hukatwa kwa mtaro usio na kina, sentimita 20 hadi 30, unaopita juu ya eneo la kulishia na kushuka taratibu, kama sentimita 1 kwa kila mita. Ukichimba mkali zaidi, maji yatakimbia na kuula mtaro wenyewe. Udongo uliochimbwa uwekwe upande wa chini, uwe tuta.

Mwisho ni birika la kunyweshea. Koki ya boya inayovuja robo lita kwa dakika humwaga lita 360 kwa siku, na hiyo ni mvua isiyokatika. Rekebisha koki, kisha lihamishe birika mbali na hori. Hei na maji vikikaa pamoja, kondoo hawana sababu ya kuondoka pale, na wasipoondoka wanakanyaga na kukojoa mahali pamoja kutwa nzima.

Hori lenyewe

Hori zuri linamfanya kondoo atafune kichwa kikiwa ndani, au avute kidogo kidogo. Akiweza kung'oa fungu na kurudi nalo nyuma, nusu ya fungu hilo litaishia chini. Nondo au matundu ya wavu yawe ya sentimita 5 hadi 8: mdomo upite, kichwa kisipite. Chini pawe na sinia la mbao au bati lenye kingo za sentimita 15, kwa sababu kinachodondoka ni majani laini, ambayo ndiyo yenye lishe, na mabua ndiyo hubaki juu. Hori lisiwe juu ya kichwa cha kondoo, vumbi na vipande vitamjaa shingoni na kuharibu manyoya. Neti za kuning'iniza usiwape kondoo wenye pembe, hunasa.

Robota kubwa la mviringo lina hatari ya peke yake. Kondoo hulila kuanzia chini, linabaki kama uyoga, na siku moja linawaangukia. Liwekee kizuizi kinachosogezwa karibu nalo kadiri linavyopungua, au livunje ulishe kwa mafungu.

Kuhama au kujenga

Hapa ndipo uamuzi mkubwa ulipo, na unategemea kama ardhi yako inastahimili kukanyagwa siku mbili au tatu. Chukua udongo uliolowa, uusokote kati ya kidole gumba na cha shahada usukume utepe. Ukikatika kabla ya sentimita 2 au 3, udongo una mchanga wa kutosha na kuhamahama kutakufaa. Ukifika sentimita 5 bila kukatika, huo ni mfinyanzi, na kwenye mvua ndefu hautakusamehe.

Kuhama kunafanyika hivi: hori jepesi linasogezwa kila baada ya siku mbili hadi tatu, mita 10 hivi kila mara, kabla majani hayajafa. Kipimo ni alama ya ukwato. Ikizidi kina cha sentimita 3, umechelewa. Anzia mwisho wa malisho ulio mbali na lango urudi nyuma, ili toroli lisipite ulikokwisha kulishia. Kinachobaki nyuma kinakuwa mbolea iliyotawanyika, na mvua zikitulia majani hurudi yenyewe. Kumwaga hei chini kwa mstari kunawezekana pia, nusu mita kwa kila kondoo, ila ardhi iwe kavu na hei iwe ya kumalizika ndani ya saa chache. Usirudie mstari wa jana, maana kondoo anayekula chini kwenye kinyesi anakula na mayai ya minyoo.

Ardhi isipokubali kuhama, teua eneo la kafara: sehemu moja, iliyoinuka, isiyo njia ya maji, iliyo walau mita 30 kutoka kisimani au mtoni, na yenye ukanda wa majani marefu upande wa chini wa kuchuja kinachotiririka. Litaharibika, na ndilo kusudi lake. Kuharibu sehemu moja kabisa ni nafuu kuliko kuharibu malisho yote nusu nusu. Hilo ndilo eneo la kuwekea kokoto.

Sakafu ya kokoto, kwa vipimo

Ukubwa huamuliwa na nafasi ya kula. Ukilisha mara moja au mbili kwa siku, wote huja pamoja, na kondoo mkubwa anahitaji sentimita 45 za ukingo wa hori. Kondoo 40 ni mita 18, yaani hori la pande mbili lenye urefu wa mita 9. Sakafu ipite hori kwa mita 3 kila upande, ili anayekula na anayesubiri nyuma yake wote wakanyage kokoto. Jumla ni mita 15 kwa karibu 7, mita za mraba 105. Hei ikikaa horini kutwa, hula kwa zamu na sentimita 15 zinatosha: hori la mita 3, sakafu ya mita 9 kwa 7, mita za mraba 63. Kubadili ratiba ya kulisha kumekupunguzia ujenzi kwa asilimia 40 bila kugusa sepetu.

Subiri kiangazi. Kwangua tope lote na udongo wa juu mpaka ufikie ardhi ngumu, kwa kawaida sentimita 15 au zaidi kidogo. Ardhi hiyo ngumu ndiyo kitako cha sakafu: kitengeneze kiwe na mteremko wa sentimita 2 hadi 4 kwa kila mita, ukipima kwa uzi na pimamaji, kisha kishindilie. Juu yake tandaza kitambaa cha jiotekstaili, kile kisichofumwa, chenye gramu 200 au zaidi kwa mita ya mraba. Vipande vipishane kwa sentimita 30 hadi 45, cha upande wa juu kikilalia cha chini kama mabati ya paa. Kazi ya kitambaa ni kuzuia kokoto zisizame na udongo usipande, huku maji yakipita. Zulia kuukuu au turubai havichukui nafasi yake: zulia huoza na kunyofoka nyuzi, turubai huzuia maji.

Kisha mawe ya milimita 40 hadi 75, unene wa sentimita 15. Lori lisipite juu ya kitambaa kitupu. Limwage pembeni, mawe yasukumwe kuelekea mbele. Kwa sakafu ya mita za mraba 105 ni karibu mita za ujazo 16, agiza 19 kwa sababu hupungua yakishindiliwa. Tabaka la juu ni vumbi la kokoto lenye punje zisizozidi milimita 10, sentimita 7, ambalo ni kama mita za ujazo 9 ukihesabu upungufu. Linyunyizie maji na ulishindilie mpaka kisigino cha buti kisiache alama. Ukichimba 15 na kujaza 22, sakafu inabaki juu ya ardhi kwa sentimita 7, na ndivyo inavyotakiwa iwe. Ukilazimika kuchimba zaidi, ongeza mawe ya chini, usiongeze vumbi.

Usiache mawe wazi juu. Kokoto za milimita 15 au 20 hujibana katikati ya kucha, na utakuwa umeondoa tope ukaleta kilema kingine. Za mviringo kutoka mtoni hazishikani kabisa; zinabingirika chini ya kwato.

Sakafu ikishindwa, sababu huwa zile zile: kitambaa kimerukwa, ukubwa umebanwa mpaka duara la tope likahamia ukingoni, au mlishaji amekwangua samadi kwa nguvu akaondoka na vumbi la kokoto. Samadi ikifika sentimita 5, ikwangue, ila bakiza tabaka jembamba, usifikie mawe.

Vibanzi vya miti ni mbadala wa bei nafuu, vikubwa vya sentimita 3 hadi 7, unene wa sentimita 30, kwenye kitako kisichotuama maji. Hudumu msimu mmoja au miwili, kisha huoza na kuwa tope vyenyewe, hivyo viondolewe mapema. Visitoke kwenye mbao zilizowekwa dawa, nyingi zina shaba. Maranda laini ya mbao hayafai hata kidogo. Zege la sentimita 10 hadi 12 lililochorwa kwa fagio husafishika kirahisi kuliko vyote, ila ni ghali na kila tone la mkojo linahitaji pa kwenda.

Tope likiwa tayari lipo

Katikati ya mvua hujengi kitu. Usimwage mchanga, kokoto wala majani kwenye uji. Vyote vitazama na vitakugharimu kuvitoa. Hamisha hori leo, hata mita 20, hadi sehemu ya juu kuliko zote, na uzungushie uzio pale palipoharibika. Tafuta ukingo wa chini wa dimbwi, chimba mfereji wa upana wa sepetu moja uyatoe maji kuelekea kwenye majani, si mtoni. Ondoa hei yote iliyooza kwa uma na toroli, maana ikibaki hapatakauka. Punguza hei ya kila mlo mpaka uone hori linabaki tupu saa moja kabla ya mlo ujao, lakini ukaguse migongo ya majike wenye mimba wasikonde. Tope likishapungua na ardhi kubeba mtu bila kuzama, usilime wala kupasua tabaka gumu wakati bado lina unyevu, litafunga tena. Liache mpaka bonge la udongo likishikwa linavunjika, ndipo utifue kina cha sentimita 15 na kupanda majani upya, au uanze kuchimba kitako cha sakafu.